Nyaya Zote Katika Bomba Moja

Kisima cha Garsey,
Njia ya Kutulo.
28 Desemba 1996

Kwa shemeji yangu Abdisalam,

Asalaam aleykum. Natumaini wewe, dada Kowsar na watoto hamjambo. Mimi ni mzima wa mwili, ila usingizi umenikimbia, na kinachoufukuza ndicho kinachonifanya nikuandikie wewe badala ya dada. Tafadhali usimsomee sehemu ya katikati.

Unajua niliajiriwa hapa kuwa karani wa kamati ya kisima. Naandika nani ananywesha lini, dizeli iliyoingia, na barua za mwenyekiti kwenda ofisini. Mambo ya umeme si yangu. Lakini chumba changu kimepakana na nyumba ya injini ya dizeli inayozalisha umeme wa pampu, na kila siku napita kando ya bomba la nyaya, na sasa nalipita kwa mbali.

Zamani hapa palikuwa na pampu moja tu. Mwezi wa kumi, baada ya watu wetu wa magharibi na wale wa mashariki kugombana juu ya zamu hadi wakatoleana visu, kamati iliongeza pampu ya pili ili kila upande uwe na hori lake la kunyweshea, na ya tatu ya kusukuma maji hadi tangi la watu. Fundi aliyeletwa alikuta bomba la chuma la siku nyingi linalotoka kwenye injini hadi visimani. Limelala juu ya ardhi kwa sababu mwamba haukuchimbika. Akapitisha nyaya zote humo. Nyaya nene za pampu tatu, na zile nyembamba za vitufe, maana kila hori ni la bati, na ukingoni lina kisanduku cha chuma chenye kitufe chekundu cha kuzimia pampu maji yakijaa. Zilipogoma kupita akazipaka sabuni, akaweka mguu ukutani, akavuta kama anayemvuta punda kisimani.

Wakati ule pampu zilifanya kazi saa chache tu za asubuhi. Sasa mvua ya vuli haikuja. Ngamia wanafika hata kutoka ng'ambo ya mpaka, na pampu zote tatu hazipumziki tangu alfajiri hadi magharibi. Ikifika adhuhuri bomba halishikiki. Nilidhani ni jua, nikalifunika kwa magunia. Likazidi. Na linanuka, shemeji, kama ndara za plastiki zilizosahauliwa karibu na jiko.

Je, ni kawaida? Najua utacheka. Niambie tu kwamba ni kawaida.

Ndimi shemeji yako,
Nuh Mahat


Garissa,
9 Januari 1997

Kwa Nuh,

Waaleykum salaam. Barua yako imeletwa na Keynan dereva. Alilala Wajir akingojea eskoti ya polisi, na bahasha inanuka mbuzi aliowabeba.

Si kawaida. Ondoa magunia leo hii. Umelivalisha bomba blanketi.

Sikiliza kama ulivyokuwa ukinisikiliza hapa mezani, bila kukatiza. Kitabu cha nyaya kinaposema waya fulani unabeba ampea thelathini, kinazungumza juu ya waya uliokaa na wenzake wawili tu wa pampu moja, mahali penye baridi ya kadiri. Waya wowote unaobeba umeme hutoa joto, na joto hilo lazima lipate pa kutokea. Ukiweka nyaya za pampu tatu katika bomba moja, kila mmoja unampasha mwenzake, kama mbuzi mnaowabana zizini usiku wa baridi. Kwa hiyo sisi hupunguza. Nyaya tisa pamoja, waya wa thelathini tunauhesabu kuwa wa ishirini na moja. Halafu hewa ya huko kwenu, na chuma kilicholala juani: punguza tena. Unabakiwa na kumi na tano. Nusu! Pampu kama hizo kila moja inavuta kama kumi na nane. Fundi wenu alisoma ukurasa wa kwanza wa kitabu akafunga.

Ikifanya kazi pampu moja peke yake, waya huo huo unatosha. Zikiwa mbili, hautoshi. Hiyo ndiyo hesabu yote.

Sasa hizi nyembamba za vitufe ndizo zinazonikosesha raha. Hizo hazibebi mzigo, kwa hiyo katika hesabu hatuziingizi. Lakini joto haliziulizi kama zilihesabiwa. Plastiki yake ni laini na nyepesi kuliko ya zile nene, nayo ndiyo huyeyuka mapema. Ikiyeyuka, waya wa kitufe unagusana na waya wa nguvu. Hapo moja kati ya mambo mawili: unabonyeza kitufe pampu haizimi, au umeme wa pampu unafuata ule waya mwembamba hadi kwenye kisanduku ambacho mtu anakishika kwa mkono uliolowa.

Fanya hivi. Pampu moja tu kwa wakati mmoja. Nyaya za vitufe zitolewe zipewe bomba lao, hata la plastiki. Na ule mwiba wa chuma uliochomekwa ardhini kando ya injini, ambao kazi yake ni kuupeleka chini umeme uliopotea, umwagilie maji kila siku. Udongo mkavu haupokei umeme. Nakutumia kwa Keynan bisibisi ya kupimia, ile yenye kitaa kwenye mpini.

Ramadhani inaingia kesho au keshokutwa. Tuombeane.

Abdisalam

Walaal, mimi dada yako Kowsar. Sehemu ya katikati nimeisoma, ya mwanzo nimeisoma, na bahasha nimeinusa. Wewe ndiye uliyeogopa kuku wa jirani hadi darasa la sita, kwa hiyo moyo wangu haukushtuka sana. Lakini nimemwona mume wangu akiandika jibu lako bila kunywa chai yake. Fanya alivyosema. Hooyo sitamwambia, mama asije akakosa usingizi.


Kisima cha Garsey,
19 Januari 1997

Kwa shemeji Abdisalam,

Ramadhani karim. Asante kwa barua na bisibisi. Nilisubiri mwenyekiti, Mzee Kerrow, amalize sala ya adhuhuri nikamweleza yote, polepole, kama ulivyonieleza. Alinisikiliza huku akichokonoa meno kwa mswaki.

"Karani, pampu zinatoa maji?"

"Zinatoa, Mwenyekiti."

"Basi zimekukosea nini?"

Nikamwambia habari ya pampu moja kwa wakati mmoja. Akacheka hadi mswaki ukamtoka.

"Haya, nizimie mbili. Ukizima ya mashariki, watasema tumewanyima maji katikati ya kiangazi. Ukizima yetu, wazee wako mwenyewe watakuuliza umelipwa na nani. Ukizima ya tangi, wanawake watakuja na madebe, na hayo madebe hayatakuwa ya maji, yatakuwa ya kichwa chako. Chagua basi, wewe uliyesoma."

"Tungezipeleka kwa zamu, Mwenyekiti."

"Zamu?" Hapo hakucheka tena. "Unajua zamu wewe? Kazi yako ni kalamu. Kalamu haizimi pampu."

Naijua zamu, shemeji, na ndiyo maana nilirudi chumbani kwangu. Hapa watu wakianza kunywesha hawakatizwi mpaka mnyama wa mwisho. Maji yakikatika katikati, zamu imevunjika, na wenye zamu wana haki ya kuanza upya na kundi lote, hata waliokwisha kunywa. Wanaofuata hawakubali, na hapo ndipo visu hutoka. Sasa hivi kila upande una hori lake na pampu yake, na huo ndio mkataba wote wa amani tulio nao. Anayezima pampu yoyote anauvunja. Akiwa ni mtu wa magharibi kama mimi na pampu ni ya mashariki, sijui hata niandike nini.

Kile ninachoweza kufanya bila ruhusa nakifanya. Magunia nimeondoa. Kila asubuhi naumwagilia maji ule mwiba wa chuma. Wanawake wanaopita kwenda kwenye tangi wamenipa jina. Jana Batula, muuza chai, alipaza sauti: "Mwacheni karani amwagilie chuma chake, mwaka huu hakuna kingine kitakachoota!" Nilicheka nao. Kisha nikarudi kujaza ndoo nyingine.

Lakini Alhamisi hori la mashariki lilijaa, mtu akabonyeza kitufe, pampu haikuzima. Akabonyeza tena na tena. Maji yakamwagika chini watu wakipiga kelele kwamba tunayapoteza kwa makusudi. Nilikimbia nikazima injini yenyewe. Nikaiwasha tena baada ya dakika chache, na wakati huu kitufe kikafanya kazi kama kawaida, kwa hiyo mwenyekiti anasema mtu yule hakubonyeza vizuri.

Ulisema mambo mawili. Hili si la kwanza kati ya hayo mawili?

Dada nimemwandikia barua yake peke yake. Nimemwambia kila kitu ni shwari. Usinisahihishe.

Nuh


Garissa,
27 Januari 1997

Kwa Nuh,

Abdisalam hayupo. Amekwenda Hagadera kutengeneza jenereta, na atarudi wakimaliza, wiki hii au ijayo. Barua mbili zimefika pamoja mkononi mwa Keynan, moja yangu na moja yake, na nimezifungua zote mbili. Yangu inasema uko shwari na unanenepa. Yake nimeisoma nimesimama, halafu nimekaa chini sakafuni.

Walaal, rudi nyumbani. Panda lori la Keynan anapogeuza. Kazi ya kalamu ipo hata Garissa. Mimi ndiye niliyekufulia nguo miaka minne ya sekondari, sikukufulia ili uje ukauliwe na watu wanaogombea maji, tena mwezi mtukufu. Visu leo, kesho bunduki. Waya zenyewe waachie wenyewe.

Nimeandika hayo, kisha nimekwenda kumpa mtoto maziwa, nimerudi. Najua hutapanda hilo lori. Ukiwa mtoto uliogopa kuku lakini ukarudi kila jioni kuwafungia mlango, kwa sababu uliogopa zaidi kwamba mbweha angewala. Nakujua.

Basi nisikilize kwa upande ninaoujua mimi. Umeme siujui, watu nawajua. Usiende kwa wazee wa mashariki mwenyewe, kijana wa magharibi mwenye suruali na kalamu mfukoni. Habaryar Safiyo, dada yake Hooyo, ameolewa kwao. Nyumba yake iko upande wa pili wa tangi, ana ng'ombe mmoja mwekundu na mdomo wa watu kumi. Mume wake ni ndugu wa Mzee Billow, na Billow akikohoa mashariki yote inaitikia. Nenda kwake wakati wa kufuturu. Mpelekee tende. Mwambie wewe ni mtoto wa nani kabla hujamwambia kuhusu bomba.

Hooyo ameniuliza habari zako. Nimemwambia unanenepa.

Dada yako,
Kowsar


Kisima cha Garsey,
3 Februari 1997

Kwa Abdisalam na Kowsar, yeyote atakayeifungua,

Ngamia amekufa.

Jana asubuhi ilikuwa zamu ya kwanza kwenye hori la mashariki. Ngamia jike wa Mzee Billow, mwenye ndama anyonyaye, aliinamisha shingo, midomo ikagusa maji, akaanguka. Hakulia. Aliangukia ukingo wa hori na miguu yake ikanyooka. Mchungaji aliyemshika alisema hori lilimuuma mkono siku moja kabla, na wenzake wakamwambia saumu imempanda kichwani.

Nilizima injini. Watu walipokuwa wamemzunguka ngamia nilimwomba mwenyekiti tuiwashe kidogo nipime. Nikaweka ncha ya bisibisi kwenye hori. Kitaa kikawaka. Nikamwomba azime pampu ya mashariki peke yake, nikapima tena, kikawaka tena. Bila shaka ungenieleza ni kwa nini: nyaya za kitufe chao zimelala kwa urefu wote wa bomba na nyaya za pampu nyingine, kwa hiyo hata pampu yao ikilala, hori lao liko macho.

Mzee Kerrow alikiona kitaa. Nilimwonyesha. Uso wake ulibadilika, nawaapieni ulibadilika. Kisha akaangalia ngamia wetu waliokuwa wamesimama tangu usiku, akasema, "Hori lao wasilitumie. La kwetu halijaua mtu." Na alasiri injini iliwashwa.

Watu wa mashariki wanasema tumetia sumu. Wamemnywesha mbuzi maji ya hori, wakamchinja, wakatazama matumbo yake, hawakuona kitu, na sasa wanasema ni sumu isiyoonekana.

Na mimi nimefanya jambo baya zaidi ya hapo. Niliogopa mtu au mtoto atagusa lile hori. Nikakata miiba, nikalizungushia lote, nikaziba njia. Mikono yangu bado ina damu. Mimi mtoto wa wafugaji, miaka ya shule ya mjini imenitoa akili: nilisahau kwamba ukizungushia maji miiba umetangaza kuwa ni yako. Waliamka wakakuta karani wa magharibi amezungushia ua hori lao, siku moja baada ya ngamia wao kufa. Vijana walikuja na marungu. Waliing'oa miiba yote wakaichoma mbele ya mlango wangu, nami nilikuwa ndani nimekaa nyuma ya meza nikisikia moshi.

Wazee wamekubaliana. Ijumaa baada ya sala, pande zote mbili zitakutana hapa kisimani, na mimi kama karani wa kamati nitaapa kwa msahafu kwamba hatukujua wala hatukuweka kitu chochote cha kudhuru katika hori la mashariki. Nikiapa, watarudi kwenye hori lao siku ile ile, kwa sababu mifugo wao wana siku nyingi hawajashiba maji. Mwenyekiti ananiambia maji ni safi, kwa hiyo niape kwamba maji ni safi, na nisiongeze kitu. Ni kweli ni safi. Ndiyo maana naogopa.

Nikiapa, naweka mkono wa mtu kwenye hori lile. Nisipoapa, ni sisi tuliotia sumu.

Habaryar Safiyo nitakwenda kwake leo wakati wa kufuturu. Tende hakuna huku, nitampelekea sukari.

Nuh


Garissa,
5 Februari 1997

Nuh,

Nimetoka Hagadera saa hii, nimekuta barua yako ya tarehe kumi na tisa. Kowsar ananisimamia begani, kwa hiyo naandika kwa ufupi.

Kitufe kikikataa mara moja, hata kikikubali baadaye, nyaya zimekwisha kugusana. Hakuna haja ya kungoja dalili nyingine. Zima injini. Usizime pampu moja moja, zima injini. Asiguse mtu kisanduku chochote, cha kwao wala cha kwenu. La kwenu nalo liko katika bomba lile lile, ni suala la siku.

Msimwache mtu yeyote awaambie kwamba hori moja ni zuri na jingine ni baya.

Ninakuja na bomba la plastiki na waya. Eskoti haitoki mpaka baada ya Idi, nimekwenda kuuliza mara mbili, ofisa amenifukuza. Mwenyekiti akiudhika, mwambie mimi ndiye niliyesema, jina langu liandike. Nuh, hukukosea kuogopa. Niliandika barua ile ya kwanza kama mwalimu anayesahihisha daftari, na ningepaswa kuja.

Barua hii sijui itakufikia lini.

Abdisalam


Kisima cha Garsey,
12 Februari 1997

Kwa Abdisalam na dada Kowsar,

Idi njema. Barua ya tarehe tano ilifika jana, mambo yakiwa yamekwisha. Niko hai, mwambieni Hooyo chochote mnachotaka.

Habaryar Safiyo hakunipa nafasi ya kumaliza. Niliposema mimi ni mtoto wa dada yake, alinitazama juu mpaka chini akasema, "Na kwa nini mtoto wa dada yangu amekonda hivi? Kula." Nilikula, nikamweleza bomba huku nikitafuna. Hakuelewa nyaya, ila aliuliza swali moja: "Ukishika hilo hori sasa hivi utakufa?" Nikasema inawezekana. Akafunga shuka lake akaondoka. Usiku ule hakurudi, na sikujua alikwenda wapi.

Ijumaa watu walijaa. Wetu walikaa chini kusini mwa tangi, wao kaskazini, na katikati mkeka wenye msahafu. Injini ilikuwa inanguruma, mwenyekiti alitaka waione ikifanya kazi. Kabla ya kukaa niliingia nyumba ya injini, nikaizima, nikachukua ule mkono wa chuma wa kuwashia, nikauweka chini ya shati. Ulikuwa wa moto ukaniunguza tumbo. Nilipotoka kimya kilikuwa kikubwa hata nikasikia ndama wa yule ngamia akilia.

"Nani amezima?" Mzee Kerrow aliuliza.

Nilikwenda kukaa mkekani. Mzee wa msahafu akaanza kunitamkia maneno ya kiapo, "Hatukujua," nami nikafungua mdomo, sauti haikutoka. Akarudia. Watu wa mashariki wakaanza kunong'ona. Kijana mmoja akasema kwa nguvu, "Tazameni, anatetemeka! Mwenye kweli hatetemeki."

"Siwezi kuapa hilo," nikasema. "Maji ni safi. Naapa maji ni safi. Lakini siwezi kuapa kwamba hatukujua. Mimi nilijua bomba limeharibika."

Wote walisimama kwa pamoja, pande zote mbili. Sijui ni nani aliyenivuta shati, mkono wa injini ukaanguka mkekani, wakadhani ni silaha. Hapo nilijua nimekufa. Nilifunga macho.

Nilichosikia ni sauti ya mwanamke kutoka nyuma yao. "Mkimpiga kabla hajamaliza kusema, mtakunywa wapi kesho? Mwacheni aseme!" Ni Habaryar Safiyo. Na Mzee Billow, ambaye nadhani ndiye aliyekuwa amelala bila usingizi akimsikiliza usiku ule, aliinua fimbo wakakaa.

"Sema," akaniambia. "Nani alimuua ngamia wangu?"

Nikasema nitamwonyesha. Tulikwenda mimi na yeye na Mzee Kerrow hadi pale vipande viwili vya bomba vinapoungana, kwenye kifuniko chenye skrubu. Niliwahakikishia hakuna umeme kwa sababu mkono wa injini uko mkekani na kila mtu anauona. Bado bisibisi iliteleza mara nyingi. Mzee Billow akanishikia kifuniko.

Ndani nyaya hazikuwa nyaya tena. Zilikuwa kitu kimoja, nyekundu na njano na bluu zimeshikana kama pipi mfukoni mwa mtoto, na zile nyembamba zimezama ndani ya zile nene, shaba zao zinaonekana. Harufu ikatoka. Watu waliokuwa wametufuata walirudi nyuma kwa harufu ile zaidi kuliko walivyorudi kwa fimbo. Nikamwonyesha waya mwembamba mmoja, nikamwambia huu ndio unaokwenda kwenye kisanduku cha hori lako, na huu mnene ulioshikana nao ni wa pampu yetu. Na huu mwembamba mwingine unakwenda kwenye hori la kwetu, ambako watoto wetu walikuwa wamekalia ukingo asubuhi ile.

Mzee Billow alizigusa kwa ncha ya fimbo. "Kwa hiyo moto ulijificha ndani ya chuma."

"Ndiyo, adeer, mzee wangu."

"Na uliujua. Kwa nini hukusema?"

Hapo niliinama kuokota skrubu, shemeji. Ningesema jina, watu wangu wangenitema. Nilikuwa bado nimeinama pale Mzee Kerrow aliposema, na sauti yake ilikuwa ya mtu mgonjwa:

"Alisema. Aliniambia mimi. Nikamwambia kazi yake ni kalamu."

Hakuna aliyempigia kelele. Nadhani ilikuwa kwa sababu alikuwa amegeuka anawatazama wale watoto.

Mengine ni ya kawaida. Watu wetu watatoa ngamia jike mwenye maziwa, na ndama yule atanyonyeshwa kwetu mpaka ajitegemee. Nyaya zote za vitufe tumezikata pande zote mbili, na nyaya za pampu mbili za mahori zikang'olewa, zikabaki za pampu moja, ile ya tangi, tulizozisafisha na kuzifunga upya wenyewe. Maji yanaingia kwenye tangi, na kutoka tangini yanashuka kwa mfereji hadi kwenye mahori yote mawili, leo la kwao, kesho la kwetu. Nani aanze? Walibishana mpaka alasiri ya Jumamosi. Maji hayatoshi, mifugo wanakonda, na upande wa Mzee Kerrow wapo wanaogeuza uso nikipita. Kuna mtu amechora kuku mlangoni kwangu kwa mkaa. Sijui aliijuaje habari hiyo, labda Habaryar Safiyo.

Walipofika kwenye suala la nani awashe na kuzima injini, kamati ilitaka kumwajiri kijana mmoja wa kwetu, shupavu, aliyewahi kuendesha trekta. Yeye mwenyewe alisema hajaona bado injini ya kumtisha. Wazee wetu wakaafiki. Mzee Billow aliokota ule mkono wa chuma kutoka mkekani akazunguka nao akiwatazama watu mmoja mmoja, kisha akanijia.

"Mpeni huyu mwoga," akasema. "Wasioogopa wamekwisha kuniulia ngamia."

Watu walicheka, wa kwetu na wa kwao. Mimi sikuweza kucheka. Niliupokea kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo kila alfajiri, kabla ya kuwasha, natembea urefu wote wa bomba nikiwa nimeliwekea kiganja. Njoo haraka na bomba jipya.

Ndimi,
Nuh Mahat